Mama Soma Kwanza

Ndugu waombolezaji, dada yetu mpendwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Soma Kwanza, alizaliwa tarehe 9 Machi 1966, mtoto wa pili wa baba fundi cherehani na mama mkunga, akasoma msingi na sekondari bila kurudia darasa hata moja, na Septemba 1986 akaingia chuo kikuu kusomea takwimu.

Huko alipangiwa mshauri wa masomo, mhadhiri ambaye, tuseme ukweli hata kama tuko msibani, alitia saini fomu za wanafunzi akiwa amesimama mlangoni, funguo za gari mkononi, fomu ameibandika ukutani, bila hata kuitupia jicho, na ndivyo dada alivyomaliza miaka mitatu akiwa amekosa kozi moja ya lazima, jambo aliloambiwa siku nne kabla ya mahafali, baba ameshamshonea joho kwa mikono yake. Alirudia mwaka, baba akafariki tarehe 2 Mei 1990, joho likiwa bado limetundikwa kwenye msumari. Hilo hatujalisamehe, na leo hatutajifanya tumelisamehe.

Aliajiriwa chuoni hapo hapo kama mhadhiri wa takwimu tarehe 1 Oktoba 1994, akafunga ndoa na mwalimu wa hisabati tarehe 17 Juni 1995, wakajaliwa watoto wawili, naye akawa mshauri wa masomo asiyetia saini mpaka mwanafunzi aketi, asome fomu yake kwa sauti, kozi moja baada ya nyingine, na ukibabaika unaanza upya. Kwa kazi hiyo chuo kilimtunuku barua tatu za onyo, eti anachelewesha usajili.

Alianza kuugua figo Agosti 2023, akatuzuga kuwa ni uchovu tu mpaka wiki ya usajili ikapita, akalazwa, na hata wodini alikataa kutia saini fomu ya matibabu mpaka muuguzi amsomee yote. Alifariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Novemba.

Tunawashukuru madaktari, muuguzi huyo aliyesoma mpaka mwisho bila kununa, majirani mliolala nasi hapa, na wahadhiri wenzake. Chuo nacho kimetuletea jana barua ya rambirambi, ina mhuri na saini nzuri kabisa, inamsifu marehemu kwa utumishi wake katika idara ya kemia, ambako hakuwahi kufundisha hata siku moja. Tumeirudisha kwa aliyeileta, ikasomwe kwanza.

Dada, sasa pumzika kwa amani, historia yako tumeisoma mara tatu kabla ya kuileta mbele yako.