Aiskrimu ya Pilipili Iliyomliza Phoebe

Bwana asifiwe, watu wa Bahati! Na asifiwe tena! Mimi ni Mama Wafula. Shule niliachia darasa la tatu, lakini jina la mtu sisahau, na la huyu aliyeketi hapa mbele ninalitaja kwa furaha: Phoebe Nasimiyu, mjane wa mwanangu Wafula.

Ndugu zangu, siku tulipomzika Wafula, Phoebe hakulia. Mimi nililia mpaka sauti ikaisha, yeye amesimama tu kama nguzo ya ua. Nikasema mbele ya watu, "Huyu alimpenda mwanangu kweli? Hata chozi moja!" Nilisema! Tangu hapo hatukusalimiana. Boma moja, jikoni mbili, mwaka ukaisha. Phoebe akakonda. Niliogopa ataondoka na wajukuu wangu, lakini kuomba msamaha mdomo ulikataa.

Basi kanisa likafunga siku tatu, nikapewa kazi ya aiskrimu ya maembe ya siku ya kufungua mfungo. Jikoni kulikuwa na jagi la maembe yaliyosagwa, na kando yake kikombe cha pilipili mbuzi za manjano nilizosagia akina mama. Rangi ni moja! Nikasahau, nikadhani yote ni maembe, nikamimina yote kwa maziwa, nikatia kwa friza. Ningeonja ningejua. Lakini nani anaonja na amefunga?

Tulikunywa uji, kisha nikagawa. Mzee Barasa, wa kwanza kuonja, akaruka: "Mama Wafula, umetuwekea jehanamu kwa friza?" Watu wakakimbilia maji, wengine wanacheka, wengine wanapiga chafya. Mimi natafuta mlango!

Phoebe hakukimbia. Alikula kijiko, akala kingine, machozi yakaanza kutiririka. Mama Wairimu, aliyeketi kando yake, akamwambia, "Wacha, dada, itakuchoma!"

"Niacheni," akasema. "Niacheni nilie." Halafu ikatoka ile sauti iliyokwama tangu mazishi: "Wafula wangu! Wafula wangu!"

Ndugu zangu, magoti yangu haya mabovu yalipiga sakafu. Nilimwaibisha mbele ya watu, nikamwomba msamaha mbele ya watu. Akaniangalia, kamasi na machozi, akasema, "Mama, pilipili yako ni kali, lakini ulimi wako ulikuwa mkali zaidi." Kisha akacheka! Akanyoosha kikombe: "Niongeze."

Haleluya! Leo tuna jikoni moja. Aiskrimu ile tunaitengeneza kwa makusudi sasa: pilipili moja tu, mbegu tunatoa, inachemka na maziwa, tunachuja, maembe yanafuata. Ikiwa kwa friza tunaikoroga mara kwa mara isigande kama jiwe. Phoebe anaonja, mimi naonja.

Wewe uliyemuumiza mtu hadharani, usimnong'onezee msamaha nyuma ya nyumba. Mwendee leo, hapa hapa. Aliyeniokoa na uchungu wangu hatashindwa na wako, mwamini.

Phoebe, simama, mama. Wapakulie aiskrimu. Mzee Barasa aanze.