Baba Yetu na Mabehewa ya Nchi Tano

Ndugu waombolezaji, mimi ni kifungua mimba wa marehemu, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na mtanivumilia sauti ikikatika.

Baba alizaliwa tarehe 12 Agosti 1948, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa wa nne kati ya watoto saba, akasoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia 1956 hadi 1963, kisha sekondari hadi 1967, na tarehe 3 Februari 1969 akaajiriwa karani wa yadi ya mizigo, akapanda hadi kuwa mkaguzi wa mabehewa mwaka 1978.

Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 14 Desemba 1974, akiwa amechelewa saa nzima, kwa kuwa asubuhi hiyo liliingia yadini behewa la kigeni na bwana harusi alikuwa chini yake na futi kamba, na Mama husema hapo ndipo alipojua kuwa ana mke mwenza wa chuma. Walijaliwa watoto wanne, nasi tulijua behewa la kila nchi jirani hubeba tani ngapi kabla hatujajua kuzidisha.

Sehemu inayofuata baba mdogo alitaka niiruke, lakini Baba aliagiza kwa maandishi isomwe. Mei 1983 alipeleka makao makuu jedwali la kulinganisha mabehewa ya nchi tano, likionyesha kwamba ya jirani hubeba tani sitini na yetu arobaini tu, wakubwa wakaamuru yetu nayo yajazwe sitini. Tarehe 9 Julai, treni ya kwanza ikiwa imeshapakiwa, alisoma upya maandishi ubavuni mwa behewa la jirani, akagundua kwamba sitini ile ilijumuisha tani ishirini za behewa lenyewe, yaani mzigo wao ulikuwa sawasawa na wetu, na mbele ya treni kulikuwa na daraja lisiloweza kuhimili mabehewa yetu yakiwa na mzigo wa tani sitini. Alikimbia, yeye na kitambi chake, akamsihi dereva azime injini, naye akaizima kabla treni haijaondoka. Wahenga walisema muungwana akivuliwa nguo huchutama, lakini Baba hakungoja kuvuliwa, aliandika mwenyewe kwamba kosa ni lake, akashushwa cheo na kurudi ukarani kwa miaka sita. Sisi tuliona aibu, tukawaambia majirani amehamishwa idara tu, na hilo linatuuma mpaka leo.

Alirudishiwa ukaguzi 1989, akastaafu 30 Juni 2008, figo zikaanza kumsumbua 2019, akafariki Jumanne iliyopita saa nne asubuhi, Mama akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba mbili, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake wa yadi. Dereva wa treni ile yuko hapa, ameomba kubeba jeneza upande wa kichwa, na sisi watoto tumempisha. Baba, tuliyoyaficha tumeyasema, sasa pumzika kwa amani.