Magogo ya Handaki

Basi la Msambweni lilipoipita Waa, Abdurahman fundi viatu alijifanya amelala asije akakosa neno. Mbele yake Mzee Tsuma, mlinzi wa kaya, ule msitu wa wahenga ulio kilimani, alikuwa akimhoji Chome, mtu wa Taru anayewachimbia Wazungu mashimo ya kutafutia urani.

"Kwa hivyo mtakipasua kilima chetu, mwanangu?"

"Madini yakiwa karibu na juu, babu, shimo la wazi ndilo rahisi. Unaondoa udongo, unazoa mawe. Handaki lataka pampu, taa na mafundi. Gharama yake ni mara tatu."

"Basi wagharimike. Wapite chini kwa chini, watuachie miti yetu. Mle sisi hatuvunji hata kijiti kikavu."

Chome alikuna kidevu. "Handaki hutegemezwa kwa magogo, babu, lisije likawafukia watu. Kila hatua mbili, magogo manne."

"Watayakata wapi?"

Chome aligeukia dirishani. Abdurahman naye, katika usingizi wake, alifumbua macho.

Basi likasimama. "Mzee, ndipo kwenu hapa," utingo akasema.

Mzee Tsuma hakuinuka. "Nimekuuliza, mwanangu. Watayakata wapi?"