Breki za Merv Scobie

RAELENE: Haloo? Nani mwenzangu? Sema kwa nguvu, hapa uwanjani bendi inapiga!

MERV: Raelene! Mimi hapa, Merv. Merv Scobie, bosi wa — [mkwaruzo] — wa marehemu baba yako.

RAELENE: Aa. Mzee Merv. Habari za huko juu mlimani?

MERV: Njema, binti, njema kabisa! Jua linachoma, nzi wananiingia mpaka mdomoni, lakini nina raha kama bwana harusi. Niko kwenye usukani wa lori langu la Leyland, wee!

RAELENE: Lako.

MERV: Haya bwana, lako. Wewe ndiye uliyeliokota kwenye skrepa kule Port Augusta ukalifufua. Na mlangoni umeniandikia vilevile, “Scobie na Wanawe”, kwa mkono, na ile herufi ya kwanza yenye mkia! Nimetoa machozi, sikufichi.

RAELENE: Nimelirudisha lilivyokuwa. Sisi wa malori ya kale hatuna sheria nyingine. Lilikuwa na taa kengeza, linabaki na taa kengeza.

MERV: Safi sana. Sasa sikia, kamati ya sherehe wamesema mimi ndiye niongoze msafara kuteremka. Malori yamejipanga nyuma yangu mpaka kule kwenye tangi la maji. Mwanangu Darren yuko kwenye la pili, mgongoni kwangu, ananipigia honi mshenzi yule, kaisikie —

RAELENE: Naisikia.

MERV: Ila kuna kitu kimoja. Geji ya upepo wa breki.

RAELENE: Ina nini?

MERV: Imepanda fasta mno. Zamani ukiliwasha hili, unakunywa chai, unavuta sigara, unagombana na mke, ndipo upepo ujae. Leo nimewasha tu, hilo, limejaa.

RAELENE: Sasa unalalamika?

MERV: Silalamiki, nauliza. Umefunga kompresa mpya?

RAELENE: Kompresa ni ileile. Mzee Merv, uko peke yako humo ndani?

MERV: Peke yangu wapi! Nimempakia Noreen Kitto. Mjane wa Trev. Nimemwambia, mama, hili ndilo lililomchukua mumeo, njoo leo uteremke nalo kwa amani, moyo upoe. Wa gazeti wametupiga picha na —

RAELENE: Umempakia Noreen?

MERV: Huyu hapa kando yangu, na mkoba wake mapajani. Noreen, Raelene anakusalimu! ... Ametikisa kichwa. Unamjua.

RAELENE: Namjua. Hajaniitikia salamu tangu nikiwa msichana wa shule.

MERV: Usimlaumu. Kila Krismasi nikimpelekea paja la nguruwe namwambia, mama, kosa la Athol si la mwanawe.

RAELENE: Kosa la baba lilikuwa lipi? Nikumbushe.

MERV: Aah, leo sikukuu, tusianze —

RAELENE: Nikumbushe tu. Bado hawajapeperusha bendera, muda unao.

MERV: [kwa sauti ya chini] Kila mtu anajua, binti. Alitia gia huru, akaliacha lishuke lenyewe ili aokoe dizeli. Enzi zile wengi walifanya ujinga huo. Trev amelala kiti cha pili, hana habari. Lori likashika kasi, Athol akashindwa kulirudisha gia, wakaubamiza ukuta wa mawe pale kwenye kona. Trev akafa, baba yako akatoka mzima. Mimi nilisimama mahakamani nikasema hivyohivyo. Sikupenda, lakini —

RAELENE: Na breki je? Ulisema nini?

MERV: Breki?

RAELENE: Ulisema breki za lori lako ni nzima, umezitengeneza kwa mikono yako mwenyewe. Kiganja juu ya Biblia. Nilikuwa nimekaa benchi la pili na sare zangu za shule.

MERV: Ee... ndiyo. Zilikuwa nzima.

RAELENE: Basi furahi. Ndizo hizohizo.

[mkwaruzo]

MERV: Hizohizo zipi?

RAELENE: Mtandao mbaya au umenisikia?

MERV: Umesema hukubadilisha breki? Lori la miaka yote hiyo?

RAELENE: Ngoja nikueleze nilichokikuta, mzee, wewe ni fundi utaelewa. Kwanza nilifungua giaboksi. Ilikuwa imeng'ang'ania palepale ilipokuwa siku ile. Gia ya tatu. Si huru. Ya tatu.

MERV: Mgongano unaweza ku —

RAELENE: Usinifundishe giaboksi. Halafu nikafungua mabomba ya upepo. Bomba la breki za mbele, ndani kabisa ya nati, nikakuta sarafu ya senti mbili.

MERV: Senti mbili?

RAELENE: Zile za shaba za zamani, zenye picha ya mjusi. Mtu ameipiga tupa pembeni ikaenea sawasawa. Upepo haupiti hata kidogo. Nikafungua bomba la nyuma, kushoto. Mjusi mwingine. Mrembo, ametulia.

MERV: Sikia, mitaani huko mafundi wa —

RAELENE: Mafundi gani? Baba na wenzake walikuwa wakikutania nyumbani kwetu, kwenye bia, kila Jumamosi! “Benki ya Merv.” Kitu kikivuja, Merv anaweka senti. Mwenyewe ulicheka mpaka ukakohoa. Bomba la maji, bomba la mafuta, tukacheka wote. Hakuna aliyewaza kwamba ungezitia kwenye breki.

MERV: Polisi walikagua lori lile!

RAELENE: Walitazama. Wakaona mabomba yapo, mipira ya breki ipo, kila kitu mahali pake. Nani angefungua nati atafute senti?

MERV: Na wewe... umezitoa, si ndiyo?

RAELENE: Nizitoe kwa nini?

MERV: Raelene.

RAELENE: Nimezipangusa, nikazirudisha. Lilivyokuwa ndivyo lilivyo. Unashangaa geji imepanda haraka? Mabomba yakizibwa, upepo uende wapi?

MERV: Una wazimu! Kuna mtu humu! Kuna mama wa watu humu ndani!

RAELENE: Na Trev je, hakuwa mtu?

MERV: Nakwambia nitakushtaki, nitaku — hapana, Noreen, si kitu, ni utani tu wa magereji — Raelene, mwana wa haramu wewe, ungeniacha niteremke na hili jeneza?

RAELENE: Jeneza? Mzee, si breki nzima hizo? Uliapa.

MERV: Nashuka. Nashuka sasa hivi.

RAELENE: Shuka. Watakuuliza kwa nini kiongozi wa msafara ameshuka. Utasema breki mbovu. Watauliza umejuaje, na hujakanyaga pedali hata mara moja. Jibu unalo?

MERV: Nitasema naumwa. Kifua.

RAELENE: Pole. Basi Darren atapanda badala yako. Unamjua Darren, hawezi kuliacha lori la baba yake limesimama mbele ya watu. Utamwangalia akiondoka?

[honi ndefu, kelele za mbali]

MERV: Raelene, binti yangu...

RAELENE: Mimi si binti yako! Mimi ni binti wa Athol Noske. Walimnyang'anya leseni akawa mfagiaji wa stesheni. Akiingia baa watu wanageuza viti. Na unajua kinachoniuma zaidi? Aliwaamini! Usiku anakaa jikoni anauliza, “Labda nilisinzia, Rae? Labda mkono uligusa gia?” Alikufa anajiona muuaji. Nakuchukia, Merv. Kila nati niliyoifungua nilikuchukia upya, na mikono yangu haikuchoka.

MERV: Unataka nini?

RAELENE: Useme.

MERV: Haya, nimekosa. Nisamehe. Basi?

RAELENE: Si kwangu. Mwambie huyo aliye kando yako.

MERV: Ana presha huyu! Ni mzee, itamu —

RAELENE: Mwambie, au peleka lori. Nahesabu mpaka tatu. Moja.

[injini inaunguruma]

MERV: [mbali na simu] Noreen... Zile breki. Wakati ule. Upepo ulikuwa unavuja, mipira ilikuwa itoke Adelaide, na sufu inangojwa bandarini. Nikaziba za mbele. Na ya nyuma, moja tu. Nilisema ni kwa safari ile tu, wakirudi nitafungua. Athol sikumwambia, ningemwambia asingeondoka... Noreen? Usinitazame hivyo. Sema chochote. Tukana.

RAELENE: Anasemaje?

MERV: Ananyoosha mkono. Anataka simu.

RAELENE: Mpe.

NOREEN: Raelene.

RAELENE: Mama Noreen.

NOREEN: Nimegeukia dirishani, hasikii na injini hii. Baba yako alikuja kwangu siku ya mazishi. Alisimama getini, kofia mkononi. Nikamfungulia mbwa.

RAELENE: Najua. Alirudi na suruali imechanika. Akasema, yule mama ana haki.

NOREEN: Alisema hivyo?

RAELENE: Ndivyo alivyosema.

NOREEN: Na mimi nimekula nyama ya huyu mtu. Mwaka baada ya mwaka. Nikamwandikia na kadi za asante.

RAELENE: Mama, sikujua kama atakupakia. Wallahi ningekuja kwako kwanza. Nilitaka ayaseme kwenye redio ya msafara, madereva wote wasikie. Usiogope, nisikilize —

NOREEN: Siogopi. Niambie polepole. Breki zikoje?

RAELENE: Mpya. Zote, kuanzia mabomba mpaka mipira. Hazivuji hata kidogo, ndiyo maana geji ilipanda haraka. Senti zake ninazo mfukoni hapa. Lori hilo nimeliteremsha mwenyewe jana, nimelisimamisha katikati ya kona kwa kidole cha mguu. Ni zima, mama. Nilitaka tu hofu imtoe maneno.

NOREEN: Sasa yamemtoka.

RAELENE: Yamemtoka. Mwambie basi ashuke, imetosha —

NOREEN: Kwako imetosha.

RAELENE: Mama?

NOREEN: [kwa sauti kubwa] Haya mwanangu, nimekuelewa!

MERV: [mbali] Amesema nini? Noreen, amesemaje?

NOREEN: Amesema hajagusa kitu. Funga mlango, Merv.

MERV: Nifunge — hukunisikia nilichokwambia? Hili lori halina breki za mbele!

NOREEN: Nimekusikia vizuri sana. Wewe angalau umeambiwa. Trev hakuambiwa.

RAELENE: Mama Noreen, ngoja, mzee ana moyo mbovu huyo, atazimia —

NOREEN: Hazimii. Watu hawa hawazimii, mwanangu, wanazika wenzao. Merv! Una mawili. Shuka hapa ukamweleze Darren, na hao wengine waliomgeuzia Athol viti. Au teremka, chini kuna kipaza sauti, ukaeleze huko.

MERV: Tutakufa, Noreen! Nina wajukuu!

NOREEN: Mimi sina. Niulize kwa nini.

[honi za malori, moja baada ya nyingine]

MERV: Siwezi kumwambia Darren hapa. Siwezi, mbele ya uso wake. Afadhali —

NOREEN: Afadhali nini? Malizia.

MERV: [analia] Afadhali niteremke.

NOREEN: Nilijua. Basi ingiza gia. Na iwe gia kweli, Merv, si huru.

RAELENE: Mama, mwambie kweli, tafadhali. Nimekwisha kupata nilichotaka —

NOREEN: Wewe ulitaka jina la baba yako, na utalipata leo. Mimi nataka kona. Nataka afike pale kwenye kona na aone ule ukuta uliomuua Trev. Baada ya hapo akanyage pedali, tuone kama atacheka au atalia. Kaburi la Athol liko wapi? Sijawahi kufika.

RAELENE: Nyuma ya kanisa la Walutheri. Kwenye uzio, peke yake.

NOREEN: Kesho utanipeleka.

RAELENE: Nitakupeleka.

NOREEN: Bendera hiyo, imepeperushwa. Miambani mtandao unapotea, eti?

RAELENE: Unapotea, mama, mpaka mtokee huku —

NOREEN: [pshhhh] Ametoa handibreki. Kajasho hako... Waambie hao wa bendi wanyamaze, kipaza sauti kiwe tayari. Na weka chai, mwanangu, yangu nyeusi. Tunateremka.

RAELENE: Mama Noreen? Mama — [mkwaruzo] — haloo? Haloo?