Marehemu Eliakimu Ndahani na Ubao wa Dodoma

Baba Mchungaji, wazee wa ukoo, mama yetu Dorkasi pale ulipoketi, wifi yangu Edina, watoto, majirani wa Mtera na nyinyi mliotoka Dodoma mjini na Ihumwa, nawasalimu nyote, mbukwenyi. Mimi ni Paskazia, mdogo wake marehemu niliyemfuata ziwa, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, lakini kabla sijasoma naomba kila mwenye simu aizime, si kuiondolea sauti tu, aizime kabisa, na kama mnaona nawasumbua mnivumilie, sababu mtaisikia mbele. Mwenzenu tangu Jumanne roho yangu haijatulia.

Ndugu yetu Eliakimu alizaliwa tarehe 9 Mei 1968 hapa Mtera, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Ndahani na mama Dorkasi, mwaka ambao mama husema mtama ulikubali, akabatizwa mwezi Agosti mwaka uleule. Alianza darasa la kwanza mwaka 1976, baba akiwa kibarua kwenye ujenzi wa bwawa, akamaliza darasa la saba mwaka 1982, akasoma sekondari Dodoma mjini hadi 1986, kisha akajifunza ufundi wa simu, na mwaka 1989 akaajiriwa serikalini, akipanda nguzo kutoka Kongwa hadi Manyoni, jua lake, vumbi lake, hadi mwaka 1999 alipopunguzwa kazini pamoja na wenzake.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Edina, binti wa Ihumwa, fundi cherehani, wakajaliwa watoto wawili, Abeli aliyezaliwa mwaka 2000 na Gladness aliyezaliwa mwaka 2004. Hapa nitamke wazi mbele ya wazee, kwamba katika miaka yote ya ndoa yao sijawahi kusikia Edina akimvunjia mama mkwe heshima, kila msimu wa palizi alikuja akaingia shambani na jembe lake, na mlenda wake hata mama mwenyewe alikiri unateleza kuliko wa kwake, na mnaomjua mama mnajua kwamba hilo si jambo la kukiri kirahisi. Nalisema hili mapema kwa makusudi.

Mwaka 2001, kwa kiinua mgongo chake, Eliakimu alifungua chumba cha intaneti karibu na stendi ya zamani mjini Dodoma, na mwaka uliofuata akatengeneza tovuti aliyoiita Ubao wa Dodoma. Vijana wa leo mtacheka, ulikuwa ukurasa mweupe wenye maandishi matupu, hauna picha, hauna tangazo la biashara, mtu anaingia bila kuulizwa jina wala namba, anaandika lake, anakwenda zake. Wakulima wa zabibu waliulizana dawa ya ukungu, baadaye wanafunzi wa chuo kikuu pale Chimwaga wakawa wanatafutiana vyumba, watumishi wa ofisi za serikali walibishana kuhusu mgao wa maji, na kulikuwa na binti mmoja aliyeolewa Ulaya, ambaye kila masika aliingia kuuliza kama mvua imenyesha kwao Mvumi, na siku zote alipata wa kumjibu. Nilimuuliza kaka kwa nini hahifadhi majina ya wanaoingia, akaniambia kwamba mtu akija kuzungumza barazani kwako humpekui mifuko.

Kwenye misiba alikuwa mkali kweli. Sisi huku taarifa ya kifo haimwagwi kama punje za kuku, mzazi wa marehemu hufuatwa alipo, huketishwa, wanakuwepo watu wawili wazima wenye sauti ya chini, ndipo anaambiwa kwa mdomo, na wa kumshika anakuwa karibu. Basi Eliakimu hakuweka tanzia yoyote ubaoni kabla hajahakikisha kwamba mama au mwenza ameshaambiwa, alikuwa tayari kupanda baiskeli na kwenda kuuliza, na watu wa mjini wakamwita mshamba, wala hakujali.

Lakini simu zenye intaneti ziliingia, wateja wa chumba chake wakapungua, gharama za kuuendesha ubao zikamlemea, na mwezi Julai 2013 ikaja kampuni moja ya Dar es Salaam, ambayo sitaitaja kwa kuwa nasikia mawakili wake wana masikio marefu. Walikuja na tai zao na maneno matamu, wakamwambia hakuna kitakachobadilika, yeye abaki msimamizi, naye akauza. Kwanza likawekwa tangazo moja dogo la mbolea, nani angelalamikia mbolea, halafu kila anayeingia akatakiwa kuandika namba yake ya simu, eti ahudumiwe vizuri zaidi, halafu ubao ukawa programu ya kwenye simu, na programu ikaomba isome majina yote uliyoyahifadhi na ijue uliposimama, na sisi sote tukabonyeza nakubali, mimi mwalimu nikiwemo, maana yale maandishi yao nani ana muda wa kuyasoma. Kuanzia hapo maneno yetu yakawa bidhaa, ukiandika kwamba goti linakuuma, kesho yake muuza dawa anakupigia na anakutaja kwa jina.

Mzee Kefa wa Ihumwa yupo hapa na ameniruhusu nimseme. Mwaka 2018 aliuliza ubaoni ampeleke wapi mkewe akapasuliwe, hakutaja kiwanja, hakutaja kuuza, na wiki ileile madalali wakabisha hodi kwake, wanakijua kiwanja, wanaujua ugonjwa, wanajua kwamba amebanwa, wakampa bei ya kumdhalilisha, naye akauza, kwa sababu mgonjwa hangoji. Eliakimu alifuatilia hadi akagundua kwamba habari za watu zilikuwa zinauzwa kwa madalali, akasafiri hadi Dar es Salaam kuhoji, akajibiwa kwamba kila mtu alibonyeza nakubali. Mwezi Machi 2019 aliacha kazi.

Tangu hapo hakuwa Eliakimu tuliyemzoea. Alizunguka nyumba kwa nyumba akiwaomba watu waifute ile programu, wakamcheka, wengine wakasema jua la Dodoma limemwingia kichwani, na nyumbani alikuwa akiifungia simu yake kabatini ndipo aweze kuzungumza. Wifi yangu hakuifuta, kwa kuwa wateja wa kushonewa walimpata humo, na kaka hakumkataza, kwa kuwa nyumba ilikuwa inakula kutokana na ile cherehani. Mwaka 2022 shinikizo la damu lilimpanda, mwaka jana figo zikaanza kushindwa, akawa wa kulazwa na kutoka, na Jumanne tarehe 3 Juni mwaka huu 2025, saa kumi na moja alfajiri, akafariki katika hospitali moja mjini Dodoma, Edina akiwa amemshika mkono.

Sasa naomba mnisikilize vizuri. Edina alimpigia mjomba Anthony na akanipigia mimi, kama inavyotakiwa, tukakubaliana kwamba asiambiwe mtu mwingine yeyote hadi sisi wawili tufike hapa kumketisha mama, na tukaondoka saa ileile. Yeye alibaki pale hospitalini peke yake, akihangaikia gari, na akaandika kwenye ile programu kwamba anatafuta gari la kusafirisha mwili wa mumewe hadi Mtera. Hakuandika jina. Lakini jina la mume wenye programu walikuwa nalo miaka mingi, majina yaliyomo kwenye simu yake walishayachukua, na mojawapo, alilolihifadhi yeye mwenyewe, lilikuwa Mama Mkwe Mtera.

Sisi tukiwa bado njiani, simu ya mama ikalia, ujumbe umeingia. Mama hasomi, binti wa jirani ndiye humsomea, na mtoto wa watu akasoma kwa sauti kama anavyosoma siku zote, pole Mama Mkwe Mtera kwa kumpoteza Eliakimu, tuna majeneza imara, tunakuletea hadi mlangoni. Tulipofika tulimkuta mama ameketi chini uani, simu ipo mapajani.

Mungu anisamehe, nilitamani kuivunja ile simu. Ukoo uliposikia lile jina, likapita neno kwamba anayemwita hivyo ni mmoja tu, kwamba Edina ndiye aliyemtupia mama kifo cha mwanawe kwa simu, na tangu Jumanne wifi yangu analala jikoni, hajaruhusiwa kukaa kwenye mkeka wa mama. Mimi namba iliyotuma nimeiona, si ya Edina, nimeipiga mbele ya mjomba Anthony, ikapokewa na mashine inayouliza unataka jeneza la ukubwa gani. Na mama tangu siku hiyo hajalia, hapokei pole ya mtu, wazee wakimwendea kuomba ruhusa ya kuzika anawajibu neno moja tu, "Mimi sijaambiwa na mtu."

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, mafundi simu wenzake wa zamani mliokuja na mashada yenu, majirani mlioleta kuni na maji, mzee Kefa uliyekuja licha ya yote, na watani wetu mliochimba kaburi huku mkitutania kwamba marehemu amewakimbia wanaomdai vocha, mmetuchekesha wakati tunahitaji kucheka.

Asubuhi hii wazee wamekubali kwamba tusizike kabla mama hajaambiwa na mtu, na mtu huyo awe Edina, mimi na mjomba Anthony tukiwa pembeni yake. Mama tumemweleza, naye ameomba tu kiti kingine kiwekwe mbele yake, na nawaambia ukweli, akimkataa leo, nyumba ya kaka yangu imekwisha. Tunaomba ukimya, na asiwepo wa kupiga picha. Kaka Eliakimu, amani ikupokee huko uliko, sisi hapa bado tunaihangaikia.

Wifi, kiti kipo. Nenda kamwambie mama.