Kibao cha Garnet Fork Kisimame Wapi

Odell alikuwa ameshika usukani wa basi, lakini masikio yake yalikuwa nyuma, kwa mzee Verlin na bibi Icie waliokuwa wakibishana. Garnet Fork haina meya wala baraza, na tangu mgodi wa makaa ufungwe haina hata wa kumlaumu. Basi watu wa barabara walipoleta kibao kipya chenye jina la kijiji, cha kuonyesha kinapoanzia, waliwaambia wenyeji wajichagulie mahali. Kazi hiyo akajitwika Verlin.

"Nakisimika upande huu wa daraja," alisema.

"Na mimi ninayekaa ng'ambo? Miaka sabini na tisa nimo Garnet Fork, leo unihamishe?"

"Sikuhamishi, dada. Nakuacha hapo hapo ulipo. Mwenyeji ni yule aliyekuwa akisikia king'ora cha mgodi jioni."

"Tulikisikia! Kikilia mara moja, kesho kuna kazi. Kikilia mara tatu, hakuna, na mama anaongeza maji kwenye maharage. Maji hayo nimeyanywa mimi. Wewe mtoto wa msimamizi ulikuwa unakula nyama!"

"Ya kindi!" Verlin akajitetea.

Abiria wakaangua kicheko. Odell naye alicheka, ila kwa tahadhari, maana mama mkwe wake anakaa ng'ambo hiyo hiyo.

Darajani akasimamisha basi. Kabla Verlin hajajizoazoa kitini, Icie alikwishashuka kituo kisicho chake, akasimama wima juu ya alama ya chokaa aliyoichora Verlin.

"Haya, shuka uchimbe," akamwita. "Ila mimi sibanduki."