Chupa Iliyobaki Kitini

Ndani ya basi, mama mshonaji alikuwa amekwisha kununua kwa mchuuzi wa dawa chupa ya vidonge vya kalsiamu, ampelekee dada yake aliyelazwa kwa ugonjwa wa figo, ndipo seremala wa kiti cha mbele alipomgeukia mchuuzi.

"Hata mimi figo zangu zimekufa. Mifupa iliponiuma nilibugia vidonge kama hivyo, nikazidi kuumwa. Mwisho wakapima damu, homoni ya tezi za shingoni. Ilikuwa juu kupita kiasi."

Mchuuzi akacheka mpaka tumbo likatikisika. "Mzee wangu, goti linauma, wanapima shingo! Kesho ukipata mafua watakupima unyayo."

"Tezi zenyewe ni nne, ndogo kama punje za mchele. Figo zikifa, tezi hizo zinapandwa na wazimu, zinakwangua kalsiamu mifupani na kuimwaga kwenye damu. Halafu wewe unatuongezea nyingine! Ulisomea wapi, bwana?"

"Nina uzoefu wa miaka ishirini!"

"Wa kupiga domo."

Mshonaji aliona huo, angalau, ni uzoefu wa kweli. Basi likasimama mbele ya hospitali, na hakuna aliyekubali kushindwa. Mshonaji akateremka.

"Mama, umesahau dawa yako!" mchuuzi akaita dirishani.

"Sijasahau," akajibu bila kugeuka.